Maranda Hayasomeki

Stoo ya Dawa za Mifugo,
Karatu,
Wilaya ya Mbulu,
Tanzania.

Jumamosi, 9 Septemba 1978

Kwa Meneja,
Idara ya Kufungasha,
Kampuni ya Grimbal na Wanawe, Watengenezaji wa Dawa za Mifugo,
Uingereza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUONDOLEWA KWA MAGAZETI YA WATOTO KATIKA MASANDUKU NA KUWEKWA MARANDA YA MBAO BILA WASOMAJI KUSHIRIKISHWA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wote wanaofunga masanduku chini yako. Mimi kwa mwili sijambo. Naitwa Felisiani Tluway, mtunza stoo wa hapa Karatu, huu ni mwaka wa tisa. Mimi ndiye ninayefungua masanduku yenu. Kwa hiyo tunafahamiana siku nyingi, ingawa wewe ulikuwa hujaarifiwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza nakijua, nilikisoma kwa mapadre mpaka darasa la nane, lakini nimegundua kwamba malalamiko yangu kwa Kiingereza hugeuka kuwa maombi ya msamaha kabla sijafika mstari wa tatu. Bila shaka hapo kwenu yupo mtu anayejua Kiswahili. Mwingereza mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa huku alikuwa na mbwa, na mbwa huyo alikielewa vizuri sana.

Nianze na historia, ili usije ukasema hukuelezwa. Kwa miaka minane chupa zenu za dawa zilifika hapa zimezungushiwa kurasa za magazeti ya watoto wa Uingereza, zilizokunjwakunjwa ili chupa zisigongane. Nadhani ninyi mliziona kuwa takataka. Mimi nilipofungua ukurasa wa kwanza nikakuta mtu ameanguka ndani ya pipa la rangi, na mbwa wake anacheka. Nikakaa chini juu ya mfuko wa chumvi ya ng'ombe, nikasoma mpaka saa ya kufunga kazi ikapita.

Tangu hapo utaratibu ukawa huu. Sanduku likifika, natoa kurasa, naziweka chini ya kipande cha bati usiku mmoja zitulie, kisha siku ya Ijumaa nazipeleka Rhotia kwa Hyasinta, fundi cherehani, ambaye ana pasi ya mkaa na mkono mwepesi. Yeye huweka kitambaa kibichi juu, hupiga pasi mpaka makunyanzi yaishe, na mimi hukaa kwenye benchi lake nikipanga kurasa kwa mfuatano. Jumamosi saa nane mchana, barazani hapa stoo, nasoma kwa sauti nikitafsiri. Kwanza inakuja taarifa ya habari, yaani nani amefanya nini wiki hii huko Uingereza. Pili unakuja uhakiki wangu mwenyewe, pamoja na alama. Ninalo daftari. Nakunukulia sehemu moja, ya gazeti tunaloliita Kishindo, uone kwamba hatufanyi mchezo:

"Kishindo, toleo la wiki ya tatu ya Februari. Kichekesho cha ngazi na ndoo ya gundi kimerefushwa bila sababu. Polisi ameanguka mara mbili mahali pale pale, nasi tulikwisha mwona mara ya kwanza. Mbwa anaigiza vizuri kuliko mwenye mbwa. Rangi nyekundu imetoka nje ya mistari. Alama sita kwa kumi."

Ukweli ni kwamba habari zilitufikia zikiwa na miezi minane, na tangu mpaka na Kenya ufungwe mwaka jana zikawa na kumi na mmoja. Hatukulalamika. Mtu wenu akianguka kwenye matope mwezi wa pili, sisi tulicheka mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, na tulicheka vilevile.

Sasa nafika kwenye tarehe 17 Mei mwaka huu. Nilifungua sanduku mbele ya watu kumi na wanne waliokuwa wanangoja. Nikatia mkono, nikagusa kitu kama kiota. Kwa kweli nilidhani kuku wa forodhani ametaga humo. Yalikuwa maranda ya mbao, meupe, safi, yanayonukia vizuri. Nikachambua sanduku zima mpaka chini. Hakukuwa na neno hata moja. Sanduku la Julai likawa hivyo hivyo.

Ndugu Meneja, maranda hayasomeki. Nimejaribu. Kutokana na hali hiyo nalazimika kukuletea malalamiko yafuatayo kwa namba.

1. Tangu mlete maranda, chupa hazivunjiki. Zamani katika kila chupa ishirini na nne zilivunjika tatu au nne, na jambo hilo lilitufaa sote. Chupa ikivunjika, nilijaza fomu ya uharibifu kwa nakala tatu. Fomu ikifika wilayani, bwana mifugo alikuja na Land Rover kuhakikisha vigae. Akija, alikula kwa Germana, ambaye ni balozi wetu wa nyumba kumi na mpishi asiye na mpinzani. Akila, alisikiliza shida za kijiji, na ndivyo josho la Rhotia lilivyopata bati jipya. Zaidi ya hapo, dawa ilipopungua tuliagiza sanduku jingine mapema, nalo likaja na kurasa thelathini. Sasa chupa zote zinafika nzima. Dawa inatosha. Bwana mifugo hatujamwona tangu Mei, na ng'ombe wana afya ambayo haina mtu wa kuihakikisha. Naomba ieleweke kwamba sipingi afya ya ng'ombe. Napinga namna ilivyopatikana.

2. Lipo shauri la Stenli, ambalo halijafungwa. Stenli ni yule kijana wa Kishindo ambaye kila wiki huiba mkate wa nyama ambao jirani yake, mama mmoja mnene, huuweka dirishani upoe. Kila wiki baba yake humpiga kwa ndara katika picha ya mwisho, na wiki inayofuata mkate uko dirishani na Stenli yuko chini ya dirisha. Wasikilizaji waliuliza swali moja tu: mtaa huo hauna balozi? Niliporipoti kwamba katika kurasa zote nilizosoma sijaona balozi wa nyumba kumi hata mmoja Uingereza, watu walisikitika. Basi Germana akaamua kulisikiliza shauri mwenyewe, hapa barazani, Agosti mwaka jana. Walalamikaji hawakufika, lakini picha zao zilikuwepo. Hukumu ilikuwa kwamba Stenli apelekwe kwa mjomba wake akachunge mbuzi miaka miwili. Baba yake apewe onyo kwa kupiga bila kuzungumza. Na yule mama aache kutega watoto wa watu kwa chakula. Hukumu hiyo niliichapa, nikaigonga muhuri, nikaiweka ndani ya sanduku la chupa tupu zinazorudishwa kwenu. Je, mliipata? Mpaka Pasaka, kurasa zilionyesha Stenli bado yuko mjini na bado anaiba. Germana anasema hajawahi kudharauliwa hivi tangu achaguliwe. Anataka kujua kama hukumu imetekelezwa, na maranda hayamwambii lolote. Naongeza kwamba Stenli yuko darasa lile lile tangu mimi nianze kazi. Hilo nalo mliangalie.

3. Mzee Patrisi. Huyu alipigana Burma katika Keya, jeshi la mkoloni, ana medali moja na goti lisilokunjika. Kazi yake Jumamosi ilikuwa kusahihisha gazeti la vita. Nikimaliza ukurasa, husimama kwa fimbo na kusema, "Vita gani hii hakuna anayebeba sufuria? Wanakula wapi? Tumbo la kuendesha liko wapi?" Kisha anaeleza vita ilivyokuwa, nusu saa nzima, na watu wanatikisa kichwa. Akirudi nyumbani alikuwa mtu mpole kabisa. Sasa hana cha kusahihisha, na usahihishaji umemjaa. Mwezi Juni alianza kumsahihisha mwenyekiti wa kijiji mkutanoni. Jumapili iliyopita, katikati ya mahubiri, Padre alipokuwa anasimulia jinsi Waisraeli walivyozunguka jangwani miaka arobaini, Mzee Patrisi alisimama kwa fimbo na kuuliza sufuria zilibebwa na nani. Misa iliendelea, lakini haikuwa ile.

4. Timu yetu ya mpira. Mnajua lile gazeti lenu la mpira ambalo mshambuliaji wake hufunga bao katika dakika ya mwisho, kila wiki, bila kukosa. Niliwahi kulipatia alama tisa. Kosa langu ni kwamba nilieleza vizuri mno. Inosenti, nahodha wa timu ya Rhotia, akahitimisha kwamba dakika themanini na tisa za mwanzo ni za kupasha mwili joto. Akawafundisha wenzake kutunza nguvu. Wamefungwa mechi saba mfululizo, nyingine wakiwa wamekaa, lakini hawakukata tamaa kwa sababu kila mara walisema walikaribia. Halafu Julai, refa, ambaye ni mwalimu na alikuwa anawahi lori, akapuliza filimbi ya mwisho dakika ya themanini. Timu nzima ilikuwa ndiyo kwanza inafunga kamba za viatu. Inosenti anauliza, kwa heshima zote, mshambuliaji wenu hufanya nini refa akipuliza mapema? Jibu lazima limo katika kurasa mlizozizuia. Mechi ya nane ni mwezi ujao.

5. Hapa nakuomba ukae chini, maana jambo linavuka mipaka ya stoo.

Katika gazeti lenu la wasichana, ambalo sisi tunaliita Dada Mdogo, kuna hadithi ya Morini. Morini ni yatima. Baba mdogo wake, mtu mwenye ndevu nyembamba na kofia ndefu, anaitaka nyumba aliyoachiwa mtoto, kwa hiyo amemtupa ndani ya kisima nyuma ya bustani na kukifunika kwa mbao. Ukurasa huo niliusoma Novemba mwaka jana. Wanawake watatu waliondoka barazani wakilia, na mmoja alirudi kuniuliza kwa nini nimesoma. Morini bado yumo. Mpaka mwezi wa tatu alikuwa anamwimbia chura ili asikate tamaa. Katika uhakiki nilitoa alama kumi, nikaondoa nusu kwa sababu utepe wake wa nywele haulowi.

Mmoja wa wasikilizaji ni Kaika, msimamizi wa josho la Arash huko Loliondo, ambaye huja kila mwezi na gari la mifugo kuchukua dawa. Yeye huibeba hadithi kichwani, akapita nayo Ngorongoro na kuifikisha Loliondo, na wazee wa Arash huijadili kwa siku mbili. Wazee hao wanajua visima kuliko mtu yeyote katika idara yako. Kwao kila kisima kina wenyewe, na kila boma lina zamu yake ya kunywesha. Basi wakauliza: kisima hicho ni cha ukoo gani? Ng'ombe wangapi hunywa hapo? Na inakuwaje miezi yote hii hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na kundi lake akatoa mbao na kumkuta mtoto? Walitafakari, wakapata jibu moja tu linalowezekana. Uingereza ng'ombe wamekwisha hama. Uingereza kuna ukame.

Nilijaribu kuwaambia kwamba ni hadithi tu. Bahati mbaya Kaika alikumbuka kwamba mwaka juzi redio ilitangaza ukame Uingereza, na kweli ilitangaza, hata mimi niliisikia. Nikakosa pa kusimama. Kwa hiyo nimeagizwa nikufikishie maazimio mawili. La kwanza, Arash imemtenga mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwa ajili ya Morini, maana yatima asiye na maziwa hawezi kuanza maisha. La pili, wenzao wa Oloipiri wako tayari kuwapokea Waingereza wenye mifugo kwa msimu mmoja wa malisho, msimu mmoja tu, ng'ombe wasizidi mia mbili, na wote wawe wamechanjwa. Nanyori, mkewe Kaika, ameongeza kwamba mje na blanketi zenu, kwa sababu kuna baridi. Tafadhali jibuni haraka, maana majani hayo yana watu wengine wanaoyataka.

Unaona sasa mlichofanya? Ukurasa mmoja wa Morini ungemaliza jambo hili. Badala yake mmetuletea maranda, nasi tumebaki tunaihurumia nchi nzima.

6. Hili la mwisho nilifikiria kulificha, lakini mko mbali na hamnijui, kwa hiyo nitalisema.

Mimi ni mjane wa miaka sita. Marehemu mke wangu alikuwa mwema, na baada yake sikutazamia kutamani tena kuwa na mtu anayenisubiri. Lakini miaka yote hiyo nimekaa Ijumaa kwenye benchi la Hyasinta, ambaye naye ni mjane, nikimtazama akinyoosha watu wenu mmoja mmoja kutoka kwenye makunyanzi. Hajui Kiingereza, lakini anajua kushona, na huwatazama kwa jicho lake. Aliwahi kusema kuhusu Morini, "Aliyemshonea hilo koti alijua kazi. Miezi mitano shimoni, kiwiko hakijachanika." Niliandika maneno hayo kwenye daftari na nikayapa alama kumi, ingawa hayakuwa ya gazeti.

Nampenda. Nimeliandika sasa, na mashine ya chapa haikuvunjika.

Januari mwaka huu nilimtuma Germana akaniposee, kama inavyotakiwa, maana wazee wa ukoo wangu wako Mbulu na mkubwa wao ana mguu mbovu. Ili asisahau kitu nilimwandikia hoja zangu kwa namba, kumi na moja. Hyasinta alizisikiliza zote huku anadarizi. Kisha akasema, "Mwambie nitamjibu Morini akitoka kisimani." Germana alicheka njia nzima, lakini mimi nililipokea kama jibu rasmi. Nikawa na matumaini, kwa sababu najua magazeti. Hakuna hadithi ya wasichana inayomwacha mtoto shimoni zaidi ya miezi sita.

Sanduku la Pasaka lilikuwa na kurasa thelathini na moja. Nilimpelekea Hyasinta, nikakimbia kituo cha polisi kugongesha muhuri fomu ya uharibifu, niliporudi alikuwa amekwisha zipiga pasi zote. Morini hakuwemo. Nilihesabu upya, zikawa thelathini, nikajua furaha ya mwanzo ilinikosesha hesabu. Hyasinta naye siku hiyo aliunguza kola ya Padre, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nimfahamu. Nikaona kwamba ameumia kama mimi. Nikajipa moyo na sanduku la Mei. Na Mei, Ndugu Meneja, unajua mwenyewe mlileta nini.

Tangu hapo sina sababu ya kwenda kwake Ijumaa. Siwezi kumpelekea maranda ayapige pasi. Nguo zangu za kazini ni jozi mbili, na zote nimezipeleka mara nyingi hata amesema zitakwisha. Kwa hiyo miezi minne sasa napita barabarani kwa baiskeli, nampungia mkono, naye anapunga, nami naendelea mbele kana kwamba nina safari. Padre amesema kama ni harusi iwe kabla ya Majilio, na matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Ukihesabu vizuri utaona tunakaribia. Mimi nina miaka arobaini na saba. Kuna mtu anangoja jibu hapa kwa sababu mtu fulani huko alinunua randa.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Mrudishe magazeti ya watoto katika masanduku mara moja, na maranda muwape kuku. Ikiwa chupa zenu zimezoea maranda, basi mfunge ishirini kwa maranda na nne kwa magazeti, na hizo nne niko tayari kuzivunja mimi mwenyewe, mbele ya shahidi, ili bwana mifugo arudi. Mfunge Dada Mdogo kwa mfuatano, msiruke wiki. Hadithi ya Morini itumwe peke yake kwa ndege, hata kama ni picha moja. Kama hamtaweza, nitawasihi wakubwa wangu tuagize dawa kutoka nchi nyingine rafiki. Sijui wao hufungia chupa zao kwa nini, lakini nasikia wanachapisha sana.

Kwa upande wangu nawaahidi uhakiki wa kila toleo, bila upendeleo, utakaotumwa kwenu ndani ya chupa tupu. Nimeona makosa mengi ya kurekebisha na sidhani kama huko mna mtu wa kuwaambia.

Wasalimie wafungaji wote, hasa yule anayekunja ukurasa mara moja tu katikati. Tunamtambua kwa kazi yake na tunamwombea. Msalimie mama mwenye mikate dirishani, na umwambie afunge dirisha. Mbwa naye apewe salamu zake. Mwambie Stenli kwamba mbuzi wa kuchunga hata huku wapo. Wazee wa Arash wanawapa pole kwa ukame. Mimi sina uchungu na mtu, nina maswali tu, na nitabaki hapa stoo nikingoja,

Wako katika ujenzi wa taifa na usomaji,

Felisiani Tluway
Mtunza Stoo

Nyongeza, Jumatatu 11 Septemba. Ndugu Meneja, haya naandika kwa kalamu. Barua ya hapo juu niliichapa Jumamosi, halisi pamoja na nakala ya kaboni. Jana baada ya misa niliitia mfukoni nimpelekee Germana aipitie, nikaanguka na baiskeli kwenye mtaro, kurasa zote saba za halisi zikakunjamana vibaya kuliko zilivyopata kukunjwa na ninyi. Barua ya ofisi haiwezi kuvuka bahari na makunyanzi. Nikaenda kwa Hyasinta.

Nilisahau jambo moja. Kila ukurasa niliompelekea kwa miaka minane ulikuwa wa Kiingereza, na hii ilikuwa ya Kiswahili.

Alikuwa anapiga pasi na mimi niko kwenye benchi, natazama barabara. Alicheka kwenye chupa, akacheka sana kwenye sufuria za Waisraeli. Halafu nikasikia harufu ya kuungua. Alama ya pasi iko katikati ya namba sita. Alivuta droo ya cherehani, akatoa ukurasa uliopigwa pasi vizuri sana, akaniwekea magotini.

Morini alitoka kisimani Pasaka. Kwa faida ya daftari naeleza: anatolewa katika picha moja ndogo kama stempu, na mtu wa posta mwenye baiskeli ambaye hatujapata kumwona kabla. Baba mdogo haonekani kabisa. Nusu ya ukurasa iliyobaki imejaa nyota na maandishi makubwa yasemayo, "Habari njema, wasomaji!", na habari njema yenyewe ni kwamba Dada Mdogo limekufa, na kuanzia wiki inayofuata linamezwa na gazeti la farasi. Alama mbili kwa kumi. Kwa hiyo maranda hayakutunyima kitu, na ninyi hamna kosa lolote katika jambo hili. Malalamiko yangu yote yamekosa miguu, isipokuwa la Stenli.

Nilimuuliza kwa nini alimficha. Akasema, "Nilitaka nione kama utakuja siku moja bila karatasi. Miezi minne, Felisiani! Unapita unapunga mkono kama mgombea. Halafu siku unayokuja, unakuja na kurasa saba."

Kurasa saba zilikuwa mikononi mwake, hivyo mimi sikuwa na kitu. Nikamwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila namba. Tangazo la kwanza litasomwa Jumapili ijayo, kama utakuwa karibu. Kaika, aliyekuja leo asubuhi kuchukua dawa, ameambiwa kwamba Morini ametoka, lakini amesema kwamba mtamba aliyekwisha tajwa harudishwi zizini, na kwamba mtoto akifika atamkuta. Maranda, tafadhali endeleeni nayo. Hyasinta anasema yanajaza mto vizuri, na tunahitaji miwili.

Barua halisi amekataa kuirudisha. Anasema ilikuwa yake tangu mwanzo, ila ilikosewa anwani, na namba sita ilipaswa kuwa namba moja. Ninyi mmepata ya kaboni. Samahani kwa wino hafifu.